Mashine inayochagua habari haijui Mashi wala Kinande: nani atajibu watu wakiuawa?

Wakaaji wengi wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri wanapata habari kwa njia mbili: redio na simu. Kwenye redio kuna mtu anayesoma habari, na mtaa wote unamjua. Akidanganya, watu wanaenda kumuuliza. Kwenye simu, habari inachaguliwa na mashine. Hiyo hakuna anayejua pa kuiuliza.

Mashine hiyo inaitwa algoritimu. Ni maagizo yanayoambia Facebook au TikTok ionyeshe nini kwanza. Inatazama video gani umeangalia mpaka mwisho, maneno gani umejibu, picha gani umetumia wengine. Halafu inakuletea ingine ya namna ile ile. Haiulizi kama ni kweli ao ni uongo. Kazi yake ni kukubakiza kwenye simu, juu kampuni inaishi na matangazo ya biashara. Na kitu kinachobakiza watu haraka ni hasira na woga.

Hiyo si dhana tu. Mwaka 2021, Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hati za ndani ya kampuni. Zilionyesha kwamba kuanzia 2017, alama ya uso wenye hasira ilihesabiwa mara tano kuliko «napenda». Maana yake, andiko lililokasirisha watu lilipandishwa juu ili wengine walione. Kampuni ilipunguza hesabu hiyo baadaye, na kuiondoa kabisa mwaka 2020.

Kwa inchi yenye amani, matokeo yanaweza kuwa ugomvi wa maneno tu. Kwa inchi yenye vita, ni jambo lingine. Kuanzia mwaka 2017, Warohingya zaidi ya 700 000 walikimbia Myanmar. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema mitandao ya kijamii ilichangia sana kueneza chuki juu yao, na Novemba 2018 Facebook yenyewe ilikubali kwamba haikufanya ya kutosha.

Karibu zaidi, kuna kesi ya Ethiopia. Profesa Meareg Amare, Mtigray aliyekuwa anafundisha kemia kwenye chuo kikuu cha Bahir Dar, aliuawa Novemba 2021. Mbele ya hapo, picha yake ilizunguka Facebook pamoja na maneno ya kumchongea. Mtoto wake, Abrham Meareg, anasema aliomba kampuni iondoe maandiko hayo, lakini jibu lilikuja baba amekwisha kufa. Desemba 2022 alishitaki Meta, mwenye Facebook, huko Nairobi. Meta ilijitetea kwamba korti za Kenya hazina uwezo juu yake. Aprili 2025, Korti Kuu ya Kenya ilisema uwezo huo iko nao. Kesi yenyewe haijahukumiwa kwa uamuzi huo, lakini mlango umefunguka: familia ya Mwafrika inaweza kuita kampuni ya Marekani mbele ya jaji wa Afrika.

Mashariki ya Congo inajua uvumi unafanya nini, hata bila algoritimu. Kati ya 2018 na 2020, Ebola iliua watu 2 287. Desemba 2018, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na wengi wakasema ugonjwa ni mbinu ya siasa. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili, daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa Butembo. Uvumi haukuwa sababu peke yake, lakini ulisaidia kufanya muuguzi aonekane adui.

Leo kuna nguvu mpya: akili bandia, ile vijana wa mjini wanaita IA. Kwa sauti fupi iliyorekodiwa, inaweza kutengeneza hotuba ambayo mkubwa fulani hakuitoa hata siku moja. Inaweza kutengeneza picha ya maiti katika kijiji ambacho hakikushambuliwa. Familia inafunga mizigo usiku, inakimbia na watoto, na asubuhi inagundua hakukuwa kitu.

Lakini hatari ya pili ni kubwa zaidi, na inasemwa kidogo. Watu wakizoea kwamba kila kitu kinaweza kutengenezwa, muuaji anapata pa kujificha. Mama akileta video ya kweli ya nyumba yake iliyochomwa, mhusika atasema: «Hiyo ni IA.» Hapo mwathirika anapoteza nyumba, halafu anapoteza na ushahidi.

Kampuni zinasema zina mashine na watu wa kuchuja chuki. Shida ni lugha. Mashine inajifunza kwa maandiko mengi, na mengi yake ni ya Kiingereza. Mashi, Kinande, Kihunde, Kilega na hata Kiswahili cha Bukavu vina maandiko machache kwenye intaneti. Neno la matusi kwa kabila fulani, ambalo mtoto wa Masisi analielewa mara moja, linaweza kupita mbele ya mashine kama salamu. Na hawa watu wa kuchuja? Zaidi ya 180 waliofanya kazi hiyo Nairobi walienda korti mwaka 2023 juu ya namna walivyofukuzwa kazi na walivyotendewa.

Congo iko na sheria: Kodi ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Inaadhibu anayeanzisha ao anayesambaza habari ya uongo. Lakini mwenye kushikwa kwa urahisi ni mwenye simu. Mwanahabari Stanis Bujakera, aliyeshitakiwa kati ya mengine kueneza uongo, alikaa gerezani Kinshasa miezi sita mpaka Machi 2024. Kampuni iliyopandisha chuki mbele ya macho ya maelfu iko mbali, na hakuna anayeiita.

Kwa hiyo mashirika ya raia na wabunge wa mashariki wako na maswali ya kuuliza. Kampuni imeajiri watu wangapi wanaojua lugha za Kivu na Ituri? Mtu akitishwa, analalamika wapi, na anajibiwa kisha siku ngapi? Kwa nini mwenye simu ndiye anashikwa kwa urahisi?

Wakati majibu yanangojewa, mkaaji anaweza kufanya kidogo. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp hakuna algoritimu ya kupandisha habari: pale, ni mkono wa mtu unaotuma. Ujumbe wenye mishale miwili umekwisha kupita kwa watu wengi, na hiyo haithibitishi kitu. Mbele ya kuutuma, ni vizuri kupigia simu mtu aliye pale pale: shefu wa mtaa, muuguzi, mwalimu. Na mwenye video ya kweli ya uovu ailinde vile ilivyo, bila kuikata, pamoja na tarehe na jina la pahali. Siku jaji atakapoiomba, itamsaidia.