MWENYE BENDI NA MWENYE SAUTI

Chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliundwa mwaka 1964, na mwaka huo huo kikaanzisha bendi. Nia yake ilikuwa kuwapatia wafanyakazi burudani yao wenyewe, na sauti ya kuwafikia wananchi. Nia hiyo ndiyo iliyopanga mambo yote: magitaa yalikuwa mali ya chama, mpigaji alipokea mshahara kama mwajiriwa mwingine, na jina la bendi lilikuwa jina la tajiri wake. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Baadaye OTTU Jazz. Leo yaitwa Msondo Ngoma, jina la mtindo uliokuzwa na wapigaji wenyewe. Majina ya mwanzilishi yamepita. Kazi ya wapigaji ndiyo iliyobaki.

Wala tusiwadanganye vijana kwamba zamani ilikuwa peponi. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania, zikapendwa nchi nzima, na wengi waliozitunga hawakutajirika nazo.

Sasa tutazame Wasafi, kampuni ya Naseeb Abdul, yaani Diamond Platnumz, kijana wa Tandale. Huyu aliona kwamba muziki ni mali, na kwamba mwanamuziki aweza kuwa tajiri badala ya kibarua. Kampuni imechukua sura yake yeye: uvaaji, majigambo, ustadi wa kuzua gumzo, kisha ikazaa redio na televisheni. Si haki kuibeza. Rayvanny alitwaa tuzo ya BET mwaka 2017 akiwa humo, na Zuchu wa Zanzibar alitambulishwa nayo mwaka 2020. Lakini Harmonize, aliyetokea humo mwaka 2015, aliondoka mwaka 2019. Rayvanny akafuata mwaka 2022. Na kila mmoja ana kampuni yake. Watu husema ni utovu wa shukrani. Sisi twaona wamelishika barabara somo la mwalimu wao.

Mchimbaji mdogo wa hapa Buhemba hana haja ya kufafanuliwa neno hili. Ajua kwamba anayeingia shimoni ni mmoja, na mwenye jina katika leseni ni mwingine, na mgawo hupatanwa kabla ya sururu kugusa mwamba. Kijana wa Mara anayekwenda Dar es Salaam na sauti yake naye hana budi kuuliza kabla ya kutia sahihi: wimbo ni wa nani, jina la jukwaani ni la nani, na siku ya kuondoka atadaiwa kiasi gani?