AFYA YA JAMAA: Moyo Mzima Unapodunda kwa Hofu

Majuzi jirani yangu, askari wa miaka mingi kazini, aliketi barazani kwangu ameshika bahasha ya karatasi za hospitali. "Mwalimu," akaniambia, "nimepimwa damu, nimepimwa umeme wa moyo, nimepigwa na picha ya moyo. Wote wasema mimi ni mzima. Lakini usiku nikilala, moyo waruka kama samaki aliyetolewa majini. Je, mimi ni mwongo?" Alikuwa amekwisha kuacha kukimbia na wenzake, na sasa alitaka kuchukua karo ya mtoto alipie kipimo kingine.

Nilimjibu kwamba yeye si mwongo, wala karatasi zile haziongopi. Moyo waweza kuwa mzima, na bado ukadunda hata mtu akadhani siku yake imefika.

Jambo hili si geni kwa askari. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha mwaka 1865, daktari Jacob Mendes Da Costa aliandika mwaka 1871 habari za askari wengi aliowatibu. Walilalamika kwamba moyo waenda mbio, kifua chauma na pumzi ni fupi, na wengi wao hawakuonekana kuwa na moyo ulioharibika. Katika Vita Kuu ya Kwanza hali hiyo iliwapata askari wengi wa Uingereza, nayo iliitwa pia "moyo wa askari". Daktari Thomas Lewis, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1918, hakuwaacha walale vitandani. Aliwapa mazoezi mepesi, akayaongeza kidogo kidogo, na wengi walirudi kazini.

Sasa tuone sababu yake. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku. Katika wingi huo, pigo moja moja hutangulia wakati wake. Kisha huja kimya kidogo, moyo ukajaa damu zaidi, na pigo linalofuata likawa na nguvu. Ndipo mtu husema, "Moyo umesimama, kisha ukaruka." Watu wengi wenye afya hupatwa na mapigo hayo, na wengine hawayatambui kamwe.

Hofu nayo huchochea moto. Mtu akishtuka, mwili humwaga damuni kichocheo kiitwacho adrenalini, na moyo huenda mbio kana kwamba adui yuko mlangoni. Yeye hushika mshipa wa mkono ahesabu, huona mapigo ni mengi, huogopa zaidi, na moyo huzidi. Kipimo kingine humtuliza siku mbili tatu tu, kisha shaka hurudi pale pale.

Yafaa basi kufanya nini? Kwanza, mwombe daktari akueleze kila kipimo kimeonyesha nini, kisha uzihifadhi karatasi zako. Pili, punguza chai kali na kahawa. Acha sigara, waragi na mairungi. Na baada ya zamu ya usiku, lipa deni la usingizi. Tatu, moyo ukianza kudunda, keti, vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe kwa mdomo taratibu zaidi, kwa dakika chache, wala usihesabu mapigo. Nne, kwa idhini ya daktari, rudia mazoezi hatua kwa hatua. Tano, mweleze mkeo au mumeo. Hofu ikikataa kuondoka, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Kufanya hivyo si wazimu wala woga.

Lakini tusipotoshane. Mwenye kudundwa na moyo asijitangazie uzima kabla ya kupimwa. Upungufu wa damu, homa na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kuukimbiza moyo, na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa huweza kuharibu vali zake. Hapa Kampala, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa moyo tangu mwaka 1988. Na hata aliyekwisha kupimwa, akizimia, akibanwa na maumivu ya kifua, akikosa pumzi, au moyo ukimwenda mbio ghafla katikati ya mazoezi, aende hospitali bila kukawia. Kadhalika, mwenye ndugu aliyekufa ghafla angali kijana amwambie daktari.

Jirani yangu alizirudisha karatasi bahashani. Karo imelipwa. Jioni hizi namwona akitembea na mwanawe hadi njia panda na kurudi, na juma hili wameanza kupita njia panda. Moyo, asema, bado humruka usiku mmoja mmoja. Hugeuka ubavu, akalala.