Mzazi Mwenye Ulemavu Apewe Vifaa, Asinyang'anywe Mtoto

Mhariri,

Mwaka 2010, katika jimbo la Missouri, Marekani, wazazi wawili wasioona walinyang'anywa mtoto wao mchanga kwa sababu tu hawaoni. Mama alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kunyonyesha. Mtoto alirudishwa baada ya siku 57.

Siku hamsini na saba! Muda huo unatosha maziwa ya mama kukauka.

Baraza la Taifa la Ulemavu la nchi hiyo lilitoa ripoti mwaka 2012, likikadiria kuwa wazazi wenye ulemavu huko ni milioni 4.1. Si watu wa kuhesabika kwa vidole.

Mjini Berkeley, California, taasisi ya Through the Looking Glass, iliyoanzishwa mwaka 1982, ilishika njia nyingine. Watafiti wake waliwarekodi kwa video akina mama wenye ulemavu wa viungo wakiwabadilisha watoto nepi, wakaona jinsi mama na mtoto wanavyozoeana na kusaidiana. Wakabuni na vifaa, kama kitanda kinachofunguka ubavuni ili mama aliye kwenye kiti cha magurudumu amfikie mwanawe. Kazi ya seremala tu hiyo, hata fundi wa mtaani anaiweza.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 23 inazitaka serikali ziwasaidie wazazi hawa kulea. Kliniki zetu zianzie hapo: mjamzito mwenye ulemavu aulizwe atahitaji kifaa gani, kabla ya kuulizwa nani atamlelea.

Msomaji,
Morogoro