Mtoto asilizwe ndipo asome

BARAZANI NA BI ZUHURA
Na Zuhura Abdalla

Wiki hii nina hasira, na sitaki zipoe kabla sijaziandika. Mtoto aliyefaulu mtihani wa taifa na kupata barua ya chuo kikuu hafai kulizwa mbele ya simu ndipo watu wamlipie karo. Anayemliza anamdhulumu, hata kama pesa zitapatikana.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwa mama anayeniuzia mahamri, hapa kwetu Kisauni, nikakuta viatu vingi mlangoni. Ndani alikuwamo kijana mmoja ambaye mtaa mzima unamjua. Kazi yake ni kuchangisha mitandaoni. Anarekodi video, anafungua ukurasa wa mchango, anaweka nambari ya paybill, kisha anausambaza kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Mombasa hadi kwa jamaa zetu walioko Muscat na London. Fungu lake halikosi humo.

Binti wa mama huyo ameitwa chuoni kusomea sayansi ya bahari. Alikuwa ameketi mkekani, buibui safi, mikononi ana hina ya harusi ya binamu yake. Simu ilipowashwa akaanza kusema, na wallahi nilisahau kilichonipeleka. Alisimulia habari za kina mama wa Kibuyuni, kule Kwale, wanaolima mwani. Maji yakizidi joto, akasema, mwani hugeuka mweupe, ukalegea, ukakatika kambani, na kazi ya miezi ikaenda na mawimbi. Anataka kuchunguza ni mbegu ipi itastahimili joto hilo. Msichana wa miaka kumi na minane, na tayari ana swali la utafiti ambalo pwani yetu nzima inangoja jibu lake.

Kijana akazima simu. "Hilo la mwani litoe, watu hawatalielewa. Sema baba ni mgonjwa."

"Baba si mgonjwa," binti akajibu. "Yuko kazini, bandarini."

"Basi sema usiku mnalala njaa."

"Tunakula."

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Mwanangu, mwache mtoto aseme yaliyo kweli." Akanijibu kwa adabu zote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi: "Bi Zuhura, ukweli hauchangishi."

Basi chumba kikapangwa upya. Friji ikafunikwa shuka. Mama akaitwa kutoka jikoni, unga bado vidoleni, akaketishwa kando ya mwanawe na kuulizwa maswali mpaka machozi yakamtoka. Mama huyu hakulia siku kibanda chake kilipobomolewa. Siku hiyo aliokota mabati yake na kesho yake akachoma mahamri barazani kwake. Jumanne alilia, kwa sababu aliambiwa bila machozi mwanawe hatasoma.

Video ilitoka adhuhuri. Kufikia magharibi orodha ilikuwa ndefu, majina na nambari na alama za tiki: huyu mia mbili, yule mia tano, mheshimiwa mmoja elfu ishirini pamoja na picha yake mwenyewe. Waliotoa kwa moyo Mungu awalipe, nami nawaheshimu. Lakini pamoja na pesa yakaja maswali. Hina hiyo nani kailipia? Simu anayotumia ni ya aina gani? Mbona uso hauonyeshi dhiki? Mmoja wa ng'ambo alitaka apigiwe picha cheti cha mtihani kabla hajatuma dola zake ishirini. Kwa shilingi mia moja mtu anajiona amenunua haki ya kumkagua binti wa watu kuanzia kucha hadi utosi.

Kuna mzee mmoja wa barazani kwetu ambaye akiagiza kahawa ya pili kuna jambo. Jioni hiyo aliagiza ya tatu. Akanikumbusha kijana wa mtaa wa pili, mwenye barua kama hiyo hiyo na upungufu wa karo kama huo huo. Kijana ana kigugumizi na haya nyingi. Hana video, hana ukurasa, hana shilingi. Amerudi kubeba mchanga. Alama zake zimemshinda binti wa mahamri, ila hajui kulia mbele ya watu, na mamake hakubali kulizwa. Mkidhani mtandao unawasaidia wahitaji, mtazameni huyo. Mtandao unawasaidia wanaotazamika.

Na ufukara ulio wengi kwetu hautazamiki. Ni baba mzima wa afya anayeamka alfajiri, anafanya kibarua, analeta unga, na bado karo haifiki. Hapo hamna jeneza wala kitanda cha hospitali. Ni hesabu tu isiyotosha, na hesabu haimtoi mtu machozi.

Tumefikaje hapa? Serikali imejivua mzigo. Mwaka 2023 Kenya ilianzisha mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, ikawagawa wanafunzi katika bendi tano kwa kupima uwezo wa nyumbani kwao. Wa bendi ya kwanza, familia ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama. Wa bendi ya tano, asilimia 40. Malalamiko ya watoto wa maskini kuwekwa bendi za matajiri yakajaa nchi nzima. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Mawakili wana muda wa kusubiri, muhula hausubiri. Hapo ndipo kijana mwenye simu alipopata kazi.

Msiniambie huu ndio utamaduni wetu wa harambee. Harambee naijua. Miaka ya 1970 watu wa Nyeri walichangia taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na watu wa magharibi wakachangia ile ambayo leo ni Masinde Muliro, Kakamega. Pesa zilijenga madarasa, na mtoto wa yeyote akaingia. Kabla ya hapo, mwaka 1959, Tom Mboya alipowatafutia vijana wetu nauli ya ndege kwenda kusoma Marekani, waliotia saini barua ya kuomba michango walikuwa nyota wa huko: Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mboya aliwanadi kama watu watakaoendesha nchi. Alichokionyesha ni vichwa vyao.

Hata leo njia za heshima zipo. Afrika Kusini, baada ya maandamano ya wanafunzi kupinga karo, ulianzishwa mwaka 2017 mtandao wa Feenix, na pesa zinazochangwa humo huenda moja kwa moja kwa chuo. Nasi tufanye hivyo. Msikiti, kanisa, chama cha mtaa, kila kimoja kiwe na mfuko wa karo. Barua za watoto zisomwe na kamati, chuo kilipwe chenyewe, hesabu zibandikwe ukutani, na sura ya mtoto isionekane popote. Kijana mwenye kigugumizi atapata haki sawa na binti mwenye ulimi. Na anayetaka kumsikia binti akieleza mwani, amsikilize kwa sababu ana la kusema.

Video ile haitafutika. Miaka kumi ijayo binti huyu atasimama mbele ya wataalamu kueleza utafiti wake, na mtu yeyote atakayetafuta jina lake atakutana kwanza na mamake akilia kando ya friji iliyofunikwa shuka.

Nawe mheshimiwa wa elfu ishirini, nimeiona picha yako. Bajeti ya elimu huja mbele yako Bungeni kila mwaka, na pesa zilizomo ni za kodi ya baba yule wa bandarini. Usimpe mwanawe sadaka badala ya haki yake. Ukitaka kamera tena, simama wewe mbele yake, utaje bendi aliyowekwa mtoto huyu, kisha utueleze ulipiga kura gani.