Utando wa Buibui Si Uchafu wa Marimba

Zipo nyumba za maonyesho katika miji ya Ulaya na Marekani ambamo msanii akiunganisha gogo, chuma na sauti huambiwa amezua jambo jipya. Hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na kasumba inayotufanya sisi tuishio chini ya milima ya Uluguru tumshangilie yeye, ilhali fundi wa marimba tunamwona mchonga vijiti tu.

Hebu na tuitazame ilimba ya Wagogo, jirani zetu wa Dodoma. Sanduku lake ni la mti ulio wazi ndani. Juu yake hupangwa ndimi za chuma, aghalabu misumari iliyofuliwa hadi ikawa bapa. Kisha fundi hutoboa tundu na kulifunika kwa utando mwembamba ambao buibui hutunzia mayai yake. Kidole kikigusa chuma, mti huvuma na utando hutetema. Mkwaruzo ule ndio ambao mgeni huudhani ubovu. La hasha! Umewekwa kwa makusudi, na autakaye muziki huo bila mkwaruzo ataka nusu ya kazi. Hukwe Zawose, aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliufikisha katika majukwaa ya dunia.

Morogoro, mji kasoro bahari, haukosi historia katika jambo hili. Bendi ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, iliitwa Cuban Marimba. Jina lilikuwa la marimba, lakini sifa zikaenda kwa magitaa. Hatulaumu magitaa, nani hakuyacheza? Ila watoto wa mji huu wanajua gitaa linavyoshikwa, na wengi wao hawajapata kushika marimba.

Tena yatazamwe mambo ya mpingo. Mti huu husafirishwa hadi Ufaransa na Ujerumani, huwekewa vibonyezo vya chuma, kisha huitwa klarineti na kuuzwa kwa bei kubwa. Ni mti, chuma na sauti vilevile. Hakuna athubutuye kuiita klarineti kinyago cha watalii.

Kwa hiyo haitoshi maofisa wa utamaduni kualika ngoma siku ya sherehe, wageni wakapigiwa makofi, na mafundi wakarudishwa vijijini kwa nauli. Misitu ya Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na ni haki ilindwe, kwani ndiyo chanzo cha maji ya Mto Ruvu unywewao Dar es Salaam. Fundi basi asilazimishwe kuiba mti. Halmashauri zimpe masalia ya mbao zilizopasuliwa kwa kibali, zimpe na banda karibu na gereji za mjini, ambako vyuma chakavu havikosekani, na shule zimlipe kama mwalimu kwa kila kipindi. Utando atautafuta mwenyewe. Buibui hawajaanza kudai leseni.