Kipimo Kimoja kwa Watoto Wote: Haki katika Kusahihisha Mitihani ya Hisabati

Neno haki likitajwa, fikra za wengi wetu huelekea mahakamani, kwenye migogoro ya ardhi au kwenye sanduku la kura. Hayo yote ni maeneo ya haki, na Tume yetu imeyasemea mara nyingi. Lakini liko eneo jingine ambalo halina mawakili wala magazeti, nalo ni meza ya mwalimu anayesahihisha mitihani. Hapo, kwa kalamu nyekundu na pasipo shahidi, huamuliwa kama kijana ataendelea na masomo au atarudi nyumbani. Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia somo ambalo watu hudhani haliwezi kuonewa na yeyote, yaani Hisabati.

Husemwa kwamba katika Hisabati mbili na mbili ni nne, na kwa hiyo msahihishaji hana nafasi ya kupendelea wala kudhulumu. Sisi tunaona kwamba dhana hiyo ndiyo inayoficha dhuluma. Mwaka 1913 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walisambaza nakala za karatasi moja ya majibu ya jiometria kwa walimu zaidi ya mia moja wa shule za sekondari, kila mmoja akaisahihisha peke yake. Karatasi ilikuwa ileile, na mwanafunzi yuleyule. Hata hivyo wako walimu waliompa chini ya alama 30 kwa mia, na wako waliompa zaidi ya 90. Kabla ya hapo walikuwa wamefanya jaribio la namna hiyo kwa somo la lugha, na wengi walitarajia kwamba Hisabati ingeonyesha tofauti ndogo zaidi. Haikuwa hivyo.

Vibaba viwili mfukoni

Maandiko Matakatifu yanalikemea jambo hili kwa mfano wa mfanyabiashara. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinadai vipimo vya haki, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, kubwa na dogo. Wazee wetu pia walimfahamu muuzaji mwenye kibaba cha kununulia na kibaba cha kuuzia. Wote wawili walihesabiwa kuwa wezi, hata kama hawakuvunja mlango wa mtu.

Mwalimu hawezi kulinganishwa moja kwa moja na mwizi huyo, kwa maana mara nyingi hakusudii ubaya. Lakini matokeo huweza kuwa yaleyale. Karatasi ya kwanza husahihishwa asubuhi, akili ikiwa imetulia; ya mia moja na hamsini husahihishwa usiku, macho yakiwa mazito. Mwandiko mzuri huvuta alama na mwandiko mbaya huzifukuza. Mwanafunzi anayefahamika kuwa hodari hufikiriwa kwamba ameteleza tu; anayefahamika kuwa mzito hufikiriwa kwamba amebahatisha. Hivyo mwalimu mmoja hujikuta na vibaba viwili asivyovitengeneza kwa makusudi.

Ngazi iliyoegemezwa ukutani

Tuchukue mfano wa swali linalojulikana na kila mwalimu. Ngazi yenye urefu wa mita 13 imeegemezwa ukutani, na mguu wake uko mita 5 kutoka ukutani. Inafika kimo gani? Jibu ni mita 12, kwa kuwa mraba wa 13 ni 169, mraba wa 5 ni 25, tofauti yao ni 144, na kipeuo cha pili cha 144 ni 12.

Mwanafunzi mmoja anachora pembetatu vizuri, anaandika kanuni ya Pythagoras ipasavyo, anaweka kila namba mahali pake, lakini anaandika kwamba mraba wa 13 ni 159. Anatoa 25, anapata 134, anatafuta kipeuo cha pili na kuandika mita 11.58. Tuseme swali lina alama nne. Mwalimu wa kwanza anatazama mwisho, anaona jibu si 12, anaweka sifuri. Wa pili anampa alama mbili kwa kuwa alianza vizuri. Wa tatu anampa alama tatu, kwa kuwa hatua zote ni sahihi isipokuwa hesabu moja. Tofauti ya sifuri na tatu haikutoka kwa mwanafunzi. Imetoka kwa waliomsahihisha.

Hapa ndipo mwongozo wa kusahihisha unapopata maana yake. Mwongozo mzuri hauishii kwenye jibu la mwisho. Hugawa alama kwa hatua: moja kwa kutambua uhusiano, moja kwa kuweka namba mahali pake, moja kwa kutoa na kutafuta kipeuo, moja kwa jibu sahihi. Kwa mwongozo kama huo, mwanafunzi wetu anastahili tatu kati ya nne. Amepoteza alama ya jibu, na ni haki aipoteze. Lakini kosa moja huadhibiwa mara moja. Halifuatwi kwa fimbo katika kila mstari unaofuata.

Mwongozo uliokamilika hujibu pia maswali mengine mapema. Je, mwanafunzi aliyetumia kosaini na saini ya pembe badala ya Pythagoras, akafika mita 12, apewe alama zote? Bila shaka, maana njia nyingine iliyo sahihi ni sahihi, isipokuwa swali limetaja njia ya kutumia. Je, aliyeandika 12 tu bila hatua yoyote? Je, aliyesahau kuandika mita? Haidhuru sana jibu la maswali haya ni lipi, mradi limeamuliwa kabla ya karatasi ya kwanza kufunguliwa, na linatumika kwa wote. Mwongozo unaobuniwa njiani ni sheria inayotungwa baada ya mshtakiwa kusimama kizimbani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Ni nani anayeumia zaidi usahihishaji unapoyumba? Mwanafunzi hodari aliyepata majibu yote hapotezi mengi. Jibu lake sahihi humtetea. Anayeumia ni yule wa katikati na wa chini, ambaye utajiri wake wote umo katika hatua alizoziandika. Yeye huishi kwa alama moja hapa na moja pale, na haba na haba hujaza kibaba.

Katika nchi yetu hao ndio wengi. Mwaka 2021 waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa takribani mmoja kati ya watano, na kwa miaka mingi somo hili limekuwa miongoni mwa yale yenye matokeo duni. Katika mpangilio wa madaraja ya mtihani huo, alama 30 ni mwanzo wa daraja D, na alama 29 ni F. Mtihani wenyewe una alama 100. Alama tatu za ngazi zinatosha kumvusha mtoto au kumtupa nje. Tena mtihani huu huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kijana wa shule ya kata kijijini huikuta kwa shida. Anaweza kuifahamu hesabu na kushindwa kuieleza kwa sentensi nzuri. Msahihishaji wa Hisabati hakuitwa kupima sarufi, aipime hesabu.

Yako pia yanayotendeka shuleni, mbali na kituo cha usahihishaji cha Baraza la Mitihani. Kwa mtahiniwa wa shule, tathmini endelevu huchangia alama 30 kati ya 100 za matokeo ya kidato cha nne, na sehemu yake hutokana na kazi zilizosahihishwa na walimu wake mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu anayejaza alama za kukisia, anayemwongezea mwanafunzi wa masomo yake ya ziada ya kulipia, au anayempunguzia mtoto wa mzazi waliyegombana naye, ameugusa mtihani wa taifa kwa mkono wake.

Taifa letu limekwisha kuonja uchungu wa kipimo kisichoeleweka. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, na mwezi Mei mwaka huohuo matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Karatasi zilikuwa zilezile na majibu yaleyale, lakini maelfu ya vijana waliokuwa wameambiwa kwamba wameshindwa waliambiwa kwamba wamefaulu. Hatuyakumbuki hayo ili kufukua makaburi. Tunayakumbuka kwa sababu yanaonyesha kwamba kipimo nacho hupaswa kupimwa.

Huruma isiyo na haki

Wako walimu wenye moyo mwema wanaosema: “Mtoto huyu ni yatima, nimemwongezea kumi.” Tunauheshimu moyo wao, lakini njia hiyo hatuikubali. Alama ya zawadi humdanganya mtoto kuhusu hali yake, na siku ya mtihani wa taifa hakuna atakayemzawadia. Tena humshusha jirani yake katika orodha, ambaye pengine naye ni yatima asiye na wa kumsemea. Huruma ya kweli kwa mtoto mzito ni kumfundisha tena, kumrudishia karatasi yake na kumwonyesha hatua aliyoikosea.

Wako wengine wanaosema kinyume: Hisabati ni ya uhakika, na fundi akikosea hesabu, daraja huanguka, basi jibu likikosewa, liwe sifuri. Tunajibu kwamba fundi huyo hutazamwa na wakaguzi kabla daraja halijajengwa, wala hatumtegemei kijana wa miaka kumi na saba kujenga daraja ndani ya chumba cha mtihani. Mtihani unapima amejifunza nini. Aliyeijua njia akateleza kwenye hesabu moja hayuko sawa na asiyejua pa kuanzia, na kuwapa wote sifuri ni kusema uongo kwa tarakimu.

Haki ya msahihishaji

Hatuwezi kudai haki kwa mwanafunzi huku tukimnyima mwalimu. Mwalimu wa mikondo mitatu yenye wanafunzi sitini kila mmoja ana karatasi 180 kila baada ya mtihani. Akitumia dakika kumi kwa kila karatasi, hizo ni saa 30, mbali na vipindi vyake vya kila siku. Shule inapompa siku mbili kukabidhi alama, imemwagiza akisie. Na pale walimu wanapokusanyika kusahihisha mitihani mikubwa, malipo halali yanayocheleweshwa na malazi mabovu huishia kwenye karatasi za watoto.

Tunapendekeza

Kwanza, kila mtihani wa shule utungwe pamoja na mwongozo wake, na walimu wote wa Hisabati waupitie kwa pamoja. Wachukue karatasi tano, kila mmoja azisahihishe kwa siri, kisha walinganishe alama na kuzungumza pale wanapotofautiana. Saa moja ya kazi hiyo huokoa malalamiko ya mwaka mzima.

Pili, kazi igawanywe kwa maswali. Mwalimu mmoja asahihishe swali la kwanza kwa wanafunzi wote, mwingine la pili, ili watoto wote wapimwe swali hilo kwa jicho moja. Aliye peke yake shuleni amalize swali moja kwa darasa zima kabla ya kuanza linalofuata.

Tatu, namba itumike badala ya jina, na mtu mwingine ahakiki majumlisho. Ni aibu mtoto kushindwa kwa sababu mwalimu wa Hisabati amekosea kujumlisha.

Nne, karatasi zirudishwe kwa wanafunzi, na mwongozo uelezwe darasani. Mwanafunzi anayeuliza kwa adabu kwa nini amepata sifuri asionekane mkorofi. Anadai kilicho chake. Katika mtihani wa taifa ipo njia ya rufaa, lakini ina ada. Wazazi wasio na uwezo wasaidiwe na jumuiya pale ambapo kuna sababu ya msingi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake kuhusu malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba kila mtu, kwa hadhi yake ya kibinadamu, anayo haki ya kupata elimu. Haki hiyo haiishii mlangoni mwa darasa. Inamfuata mtoto mpaka kwenye ukingo wa karatasi yake, pale penye alama ndogo nyekundu. Tunawaomba walimu, wakuu wa shule, wazazi na watu wote wenye mapenzi mema wailinde hapo pia.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, watoto wetu hurudishiwa karatasi zao za mitihani? Sisi wazazi huzitazama hatua zao, au huishia kutazama alama tu?

2. Shuleni kwetu walimu wa Hisabati ni wangapi, na kila mmoja ana wanafunzi wangapi? Jumuiya inaweza kuwapunguzia mzigo gani?

3. Katika kazi zetu wenyewe, sokoni, ofisini na shambani, je, tunacho kibaba kimoja au viwili?