Kombe la Kupokezana

Neno kombe, kabla halijatwaliwa na wapenda kabumbu, lilikuwa na makao yake katika nyumba za pwani: ni ile sahani nyeupe ambayo mwalimu huiandikia aya kwa zafarani, kisha maandiko yakaoshwa kwa marashi, na mgonjwa akayanywa akitaraji shifaa kwa Mola wake, wala sijapata kumsikia mtu aliyeulizia bei ya sahani, maana thamani ilikuwa katika maandishi, nayo sahani ilirudi kabatini kumngojea mwenye haja mwingine. Hayo hunijia kila nihudhuriapo mashindano ya mitaani siku hizi, ambako kila msimu hununuliwa kombe jipya la plastiki lililopakwa rangi ya dhahabu, akakabidhiwa mshindi liwe lake daima dawamu, na mwaka haujageuka limekwisha kuvunjika mkono, wala hapana akumbukaye lilishindaniwa na nani.

Rai yangu ni kwamba kombe halikuumbwa limilikiwe. Litazame lile la Jules Rimet, Kombe la Dunia la kwanza, lililofinyangwa na Mfaransa Abel Lafleur kwa sura ya Nike, mungu wa kike wa ushindi wa Wayunani wa kale, likaanza kugombewa Uruguay mwaka 1930. Wakati wa vita kuu ya pili, Mwitalia Ottorino Barassi alilificha ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda chake, likasalimika. Mwaka 1966 likaibwa London lilipokuwa katika maonyesho, na baada ya siku saba mbwa aitwaye Pickles akalinusa chini ya ua wa nyumba, limezungushiwa gazeti (nasi tuandikao magazetini tujifariji kwamba kazi yetu ilipata kusitiri dhahabu). Mwaka 1970 Brazil waliposhinda mara ya tatu, walipewa liwe milki yao kama sharti lilivyonena, na mwaka 1983 wezi wakalitoa katika ofisi za chama cha soka mjini Rio de Janeiro, nalo halijaonekana hata leo. Sisemi kwamba sharti la kurudisha ni kufuli, kwani mwizi wa London hakulijali. Nasema tu kwamba kitu kinachongojewa na wengi huulizwa habari zake kila mara.

Waliolitengeneza kombe lililofuata, la mwaka 1974, bila shaka walilifikiri hilo, kwa kuwa Ujerumani na Argentina kila mmoja amelitwaa mara tatu bila kulimiliki. Mshindi huenda zake na nakala, na jina lake huchongwa chini ya kitako cha lile la asili. Twarudi palepale pa zafarani: maandishi.

Nasi huku tulikuwa na Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza, ambayo sidhani kwamba ilisahau biashara yake. Kenya na Uganda walianza kulishindania mwaka 1926, Tanganyika ikaingia mwaka 1945, Unguja nayo ikajiunga baadaye, na likawa likisafiri baina ya majirani kama posa isiyokwisha kujibiwa.

Mtaani kwetu, nilipokuwa kijana, kombe lilikuwa moja, la madini yaliyofifia, juu ya kitako cha mbao ambacho kila timu ilichora kwa ncha ya msumari majina ya wachezaji wake. Mwaka tulioshinda lilikaa nyumbani kwetu, na marehemu mama alilisugua kwa majivu na ndimu kila Ijumaa, akiwakemea watoto wasiliguse. Mwaka uliofuata tulifungwa, na kwa kuwa nilikuwa nahodha, ada ilinitaka nilichukue kwa mikono yangu, mchana, nipite nalo barazani mbele ya macho ya watu hadi mtaa wa pili. Mzee mmoja wa huko alinipokea, akaniketisha, akaniagizia kahawa na kipande cha halua. Kisha akalipindua kombe mapajani mwake, akavaa miwani, akaniuliza katika yale majina langu ni lipi.